Dawa Zinajaribiwa Mlangoni Petu, Sisi Hatumo

Saratani ya kongosho hujificha. Mara nyingi hugunduliwa ikiwa imeshasambaa, na mgonjwa akifikia hapo, Marekani nzima, ni watu 3 tu kati ya 100 wanaofikisha miaka mitano. Ruth Bader Ginsburg, jaji wa Mahakama ya Juu, alifariki kwa ugonjwa huu hapa Washington Septemba 18, 2020. Katika jamii yetu ya Waafrika Mashariki huku Maryland, Virginia na jijini, habari zake hutufikia kupitia vikundi vya WhatsApp, tunapochangishana kusafirisha mwili Nairobi, Dar es Salaam au Kampala.

Kwa muda mrefu dawa moja peke yake haikufua dafu mbele ya saratani hii. Dawa ya gemcitabine iliidhinishwa mwaka 1996, na kwa miaka mingi hakuna kilichoipita. Hatua nyingi zilizopatikana tangu hapo zimetokana na kuchanganya dawa. Mwaka 2011 madaktari wa Ufaransa walichapisha matokeo ya mchanganyiko uitwao FOLFIRINOX kwa wagonjwa 342: nusu ya waliopewa mchanganyiko huo waliishi zaidi ya miezi 11.1, ilhali kwa gemcitabine pekee ilikuwa miezi 6.8. Miezi minne si haba kwa mama anayesubiri kuona harusi ya mwanawe.

Washington nayo imo katika kazi hii. Kituo cha saratani cha Lombardi, Chuo Kikuu cha Georgetown, kilifanya jaribio kwa wagonjwa 64 ambao saratani yao ya kongosho ilikuwa imesambaa, kwa kuwapa dawa iitwayo veliparib pamoja na fluorouracil na oxaliplatin. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020. Walionufaika zaidi walikuwa wale wenye kasoro katika jeni zinazokarabati DNA, zikiwamo zile ziitwazo BRCA. Mchanganyiko ule ule, ugonjwa ule ule, lakini jeni za mgonjwa zikaamua.

Hapo ndipo tunapopiga mbiu. Kama jeni ndizo zinazoamua, basi ni lazima tuulize ni jeni za nani zilizopimwa. Jaribio la FOLFIRINOX lilifanyika katika hospitali za Ufaransa. Jaribio lililoipa kibali dawa ya nab-paclitaxel pamoja na gemcitabine mwaka 2013 lilikuwa na wagonjwa 861 kutoka Amerika Kaskazini, Ulaya na Australia, na zaidi ya tisa katika kila kumi walikuwa Wazungu. Bara la Afrika halikuwamo.

Pengo hilo linaua. Fluorouracil, iliyomo katika FOLFIRINOX na katika ule mchanganyiko wa Georgetown, huvunjwavunjwa na kimeng'enya kinachotengenezwa na jeni iitwayo DPYD. Mwenye kimeng'enya kidogo akipewa dozi kamili, dawa hujirundika mwilini: vidonda mdomoni, kuhara kusikokoma, chembe nyeupe za damu kuporomoka, pengine kifo. Tangu mwaka 2020 mamlaka ya dawa ya Ulaya inashauri mgonjwa apimwe kwanza. Lakini kipimo kilichozoeleka hutafuta mabadiliko manne ya jeni, yaliyotambuliwa hasa kwa watu wa asili ya Ulaya. Badiliko liitwalo c.557A>G, linaloonekana karibu kwa watu wa asili ya Afrika pekee, halimo katika hayo manne. Mtu wetu anaweza kuambiwa yuko salama kwa sababu tu hakuna aliyemtazama alivyo.

Dawa ya kuokoa aliyedhurika ipo, uridine triacetate, iliyoidhinishwa mwaka 2015. Inatakiwa ianze ndani ya saa 96 baada ya dozi. Mgonjwa anayejikaza nyumbani Hyattsville, akidhani ni uchovu wa kawaida wa matibabu, muda huo unampita.

Sheria ya mwaka 2022 inazitaka kampuni za dawa zieleze, kabla ya majaribio makubwa, zitawapataje wagonjwa wa asili mbalimbali. Januari 2025 mwongozo wa kuitekeleza uliondolewa kwenye tovuti ya FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ambayo makao yake yako Silver Spring, mtaa mmoja na sisi. Ukarudishwa kwa amri ya mahakama. Machi mwaka huo huo, bajeti iliyopitishwa na Bunge haikuutengea fedha mpango wa utafiti wa saratani ya kongosho wa Wizara ya Ulinzi, uliokuwa umetengewa dola milioni 15 mwaka 2024. Tunasema wazi: huu ni uzembe juu ya maisha ya watu, na wabunge wetu wa Maryland na Virginia wanapaswa kubanwa kuhusu fedha hizo.

Tunajua wengi wetu wanaogopa kufanywa panya wa maabara. Hofu hiyo ina historia, na madaktari wana wajibu wa kuijibu kwa lugha tunayoielewa. Lakini kukaa nje hakujatulinda. Hospitali ya utafiti ya NIH huko Bethesda haiwatozi washiriki gharama, na tangu Januari 2022 Medicaid inapaswa kulipia huduma za kawaida za mgonjwa aliye kwenye jaribio. Viongozi wa makanisa, misikiti na vyama vyetu, yatangazeni haya kama mnavyotangaza michango ya misiba.

Nawe ndugu msomaji, ukiwa na mgonjwa nyumbani, kabla ya dripu ya kwanza ya fluorouracil mwulize daktari kama kipimo cha DPYD kimefanyika, na kama kinatafuta c.557A>G.