Kiarabu ni cha Nani?



Mwezi uliopita tulipanda Arusha kwa harusi. Hina ilipakwa Ngarenaro, Mlima Meru umejifunika mawingu, na sisi wa visiwani tunatetemeka ndani ya mabuibui. Raha tupu, mpaka shangazi mmoja alipomvuta bibi harusi pembeni. Bwana harusi ni Mmeru wa Tengeru, akamwambia, hana asili ya Kiarabu, sasa nyumba ataiongoza kwa dini gani? Mtoto wa watu akalia na hina mbichi mikononi. Na shangazi mwenyewe, Allah atusamehe, Kiarabu chake kinaishia kwenye Alhamdu. Kijana kasoma tajwid tangu mdogo.

Tukamkumbuka Jokha Alharthi, msomi wa Oman anayefundisha fasihi ya Kiarabu Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos. Riwaya yake, Sayyidat al-Qamar, ilitoka 2010. Mwaka 2019, kwa tafsiri ya Marilyn Booth, akawa wa kwanza anayeandika kwa Kiarabu kupata tuzo ya kimataifa ya Booker. Pauni 50,000, wakagawana sawa yeye na mfasiri wake.

Wengi huisifu kwa wale dada watatu na ndoa zao. Sisi aliyetukaa moyoni ni Zarifa, aliyezaliwa utumwani akamlea mtoto wa bwana wake kama wake wa kumzaa. Kumbukeni Zanzibar utumwa ulikomeshwa 1897, Oman ni 1970 tu. Basi Mwarabu mwenyewe, kwa Kiarabu fasaha, anatufungulia milango ya nyumba zile na kutuonyesha nani alikuwa jikoni. Sisi huku bado tunaringia asili, wala hatuulizi kama bibi yetu alikuja na jahazi au alikokotwa kwenda kulipanda.

Mtatuambia kafaa imo kwenye fiqhi. Imo, na wanazuoni wamekhitalifiana. Lakini Fatima bint Qays, Mkureshi, Mtume s.a.w. alimwelekeza kwa Usama, mwana wa Zayd aliyeachwa huru. Mwanzo hakumtaka, akatii, akaona kheri yake.

Nikaha ilisomwa baada ya Alasiri. Bibi harusi alitaja mahari yake mwenyewe: mumewe amfundishe Kiarabu mwaka mzima. Shangazi alikuja, kachelewa, na akakaa mbele.