KABLA YA RANGI, HATI

Siku hizi katika sebule za Geita, Kahama na Shinyanga, na hata katika vibanda vya Nansio ambamo vijana hukusanyika jioni, kuna vipindi vya televisheni vinavyopendwa mno. Mtu na mkewe hununua nyumba kuukuu huko Marekani, hubomoa kuta, hutia rangi na vigae, kisha huiuza kwa faida nono. Yote hayo humalizika kwa muda wa saa moja. Mtazamaji huinuka kitini akiamini kwamba njia ya utajiri ni kuipamba nyumba.

Hatuna ugomvi na mwananchi atakaye nyumba bora. Makazi bora ni maendeleo ya kweli. Tunaloonya ni kuiga mwisho wa hadithi bila kuujua mwanzo wake. Katika vipindi vile hapaulizwi ardhi ni ya nani, kwa sababu swali hilo huwa limekwisha jibiwa. Na hata huko Marekani, biashara ya mikopo ya nyumba ilipoporomoka mwaka 2008, mamilioni ya familia walipoteza nyumba zao. Rangi haikuwaokoa.

Kwetu Tanzania ardhi yote ni mali ya umma, naye Rais ni mdhamini wake. Mwananchi hupewa haki ya kuitumia, na haki hiyo haigusi madini yaliyo chini yake. Katika ukanda wa dhahabu jambo hili si nadharia. Wachimbaji wadogo walioondolewa Bulyanhulu mwaka 1996 walijionea jinsi mahali penye makazi na maduka panavyoweza kugeuka eneo la leseni ya mwingine. Mjini Geita, ambako mgodi mkubwa ulianza kazi mwaka 2000, mgogoro wa vigingi vya mipaka ya leseni umewahangaisha wakazi kwa miaka mingi. Atandazaye vigae vya thamani juu ya kiwanja kisichopimwa anatia akiba yake katika mfuko uliotoboka.

Tena, mji wa mgodi huishi kwa mgodi. Buzwagi, karibu na Kahama, ulianza kuzalisha dhahabu mwaka 2009 na ukafikia ukomo mwaka 2021. Miaka 12 haifiki hata nusu ya hati ya miaka 33. Ajengaye vyumba vya kupangisha na ajiulize: mgodi ukifungwa, mpangaji wangu atakuwa nani?

Neno hili linawahusu hasa ndugu zetu wa Ukerewe, Ukara, Kome na Maisome. Vijana wao huvuka maji kufuata rashi za Nyarugusu na Rwamgasa, na apataye hujenga. Lakini mchimbaji aliyepata leo aweza kukosa kesho, akaiweka nyumba rehani ilhali mkewe yuko kisiwani hana habari. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inakataza mwenzi mmoja kuuza au kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Kina mama wa visiwani waijue sheria hiyo, na anayekopesha asijifanye haijui.

Sasa tuseme na viongozi. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha. Masharti hayo yalilegezwa mwaka 1991 kwa Azimio la Zanzibar, na leo kiongozi anaruhusiwa kumiliki. Lakini ruhusa ya kumiliki si ruhusa ya kudhulumu. Mtumishi anayeiona ramani ya upimaji kabla ya mwananchi, akaenda kununua shamba la mwananchi huyo kwa bei ya kutupa, huyo hakufanya biashara, amehini amana. Na mwenye nyumba, awe kiongozi au raia, anayemdai mpangaji maskini kodi ya mwaka mzima kwa mkupuo, anamnyonya mwenzake.

Kwa hiyo tunashauri mambo matatu. Kwanza, halmashauri zipime viwanja mapema, na gharama za upimaji zilingane na kipato cha mnyonge. Pili, mipaka ya leseni za migodi ibandikwe wazi katika kila ofisi ya kijiji na mtaa, ili mtu asijenge gizani. Tatu, vijiji viitumie Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 kutoa hati za hakimiliki za kimila, na majina ya mume na mke yaandikwe pamoja.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wetu hauko katika plasta, uko katika karatasi. Mwananchi na aanzie ofisi ya ardhi, ndipo aende dukani kununua rangi.