Hesabu Pumzi Kwanza

Watoto 1,005 wenye homa walichunguzwa kwa kina Dar es Salaam na Ifakara, na matokeo yakachapishwa mwaka 2014. Zaidi ya sita katika kila kumi walikuwa na maambukizi ya njia ya hewa. Kati ya hao, waliothibitika kwa eksirei kuwa na nimonia walikuwa asilimia 5 tu. Sehemu kubwa ya homa zile ilitokana na virusi, na virusi havisikii antibayotiki.

Hata hivyo, kaa saa moja kwenye duka la dawa mtaani utasikia amoksilini ikiombwa kwa kikohozi cha jana, au kapsuli za antibayotiki za "rangi mbili" zikinunuliwa nne nne, kadiri ya pesa iliyopo mfukoni. Ni rahisi kuwalaumu wanunuzi, na kampeni nyingi zimeishia hapo. Toleo hili tumeliandaa tukiamini vingine. Lawama kubwa ni yetu tunaotoa huduma: tunamkataza mama dawa bila kumpa kile alichokuwa akikipata kwenye dawa, yaani uhakika kwamba mtoto wake ameangaliwa.

Kwa mtu mzima mwenye mkamba wa kawaida, kikohozi huchukua wiki mbili hadi tatu kuisha. Antibayotiki huokoa kama nusu siku. Nusu siku hiyo mgonjwa anaweza kuilipia kwa kuharisha, vipele, fangasi na, kwa nadra, mzio wa kuua. Bakteria wanaobaki tumboni na kooni mwake huizoea dawa, kisha huwahamia wa nyumbani kwake. Mwaka 2019 usugu wa bakteria ulisababisha moja kwa moja vifo vinavyokadiriwa kufikia milioni 1.27 duniani, na Afrika kusini mwa Sahara ndiko ulikouma zaidi.

Lakini anayehubiri "msitoe dawa" na kuishia hapo naye anahatarisha maisha. Mwaka huohuo nimonia iliua watoto zaidi ya 700,000 wa chini ya miaka mitano. Nchini Malawi, watoto waliokuwa wakipumua haraka bila dalili za hatari walipewa ama amoksilini ama dawa bandia. Kufikia siku ya nne, matibabu yalikuwa yameshindwa kwa asilimia 4 ya waliopata amoksilini na asilimia 7 ya wasioipata. Tofauti ni ndogo, ila nyuma yake wamo watoto, na simwombi mganga yeyote aipuuze.

Kinachomtenga mwenye mafua na mwenye nimonia mara nyingi ni dakika moja. Mtoto atulizwe, asiwe analia wala ananyonya. Fulana ipandishwe, kifua na tumbo vitazamwe, pumzi zihesabiwe dakika nzima kwa saa, si kwa kukisia. Pumzi 50 au zaidi kwa mtoto wa miezi 2 hadi 12, au 40 kwa wa mwaka mmoja hadi mitano, ni nyingi mno. Sehemu ya chini ya kifua ikibonyea ndani kila anapovuta hewa, itibiwe kama nimonia hata hesabu ikiwa ndogo. Mchanga wa chini ya miezi miwili anayepumua hivyo asiuziwe chochote dukani. Apelekwe hospitali mara moja.

Foleni ndefu si kisingizio tena cha kuiruka dakika hiyo na kuandika dawa. Katika utafiti wa vituo 40 vya Mbeya na Morogoro uliochapishwa mwaka 2024, waganga walioongozwa na programu ya kishikwambi pamoja na vipimo vichache vya haraka waliandika antibayotiki kwa asilimia 23 ya watoto wagonjwa. Kwingine, palipoendelea kama kawaida, ilikuwa asilimia 70. Watoto walioandikiwa kidogo hawakudhurika zaidi.

Kikwazo kilichobaki ni fedha. Muuzaji wa dawa anakula kwa chupa anayouza. Dakika ya kuhesabu pumzi haina bei, na akimrudisha mama nyumbani na ushauri wa kunyonyesha mara kwa mara na kuwahi kituoni pumzi zikienda mbio, amepoteza mauzo. Tunaitaka Wizara ya Afya, pamoja na mifuko ya bima, ilipie ushauri huo kama inavyolipia dawa, ikianzia na maduka ya dawa muhimu.