Sanduku la mchango wetu

Mkunjo wa jumla ambao watoto wa sekondari wanachora unaweza kutusaidia kikundini. Tuseme tuko wamama 40. Kwenye mstari wa kusimama, shikeni 10, 20 na 30. Toka kila namba nendeni mpaka kwenye mkunjo, kisha mshuke kusoma franka: tuseme 1500, 3000 na 7000. Choreni sanduku toka 1500 mpaka 7000, mlikate kwenye 3000, mvute mikia hadi mchango mdogo kabisa na mkubwa kabisa.

Sasa anayetaka mchango wa lazima uwe 3000 aangalie: karibu nusu yetu hawaufikii. Wastani ungewaficha, maana wachache wenye pesa wanaupandisha. Hata kwenye 1500, wamama kama 10 wanabaki chini. Hao waulizwe kwanza, kabla ya kura.