Soda Tulikunywa, Jibu Liko Wapi?

Mkutano uliitishwa Jumanne, saa tatu asubuhi. Nani ana nafasi Jumanne saa tatu? Mtu wa boda yuko stejini. Mama wa omena yuko sokoni. Fundi wa mjengo ashaanza kuchanganya simiti. Tuliofika ukumbini hapa Migori tulikuwa wazee wenye ploti, vijana wa mwanasiasa fulani, na watu kama mimi ambao hakuna bosi wa kutuuliza tulikuwa wapi.

Tukatia sahihi kwenye daftari. Mama mmoja, rika la nyanya yangu, akasimama na kuuliza kwa Dholuo: nyumba hizi zikijengwa, mimi ninayepanga chumba kimoja cha mabati nitahamia wapi, na kodi itakuwa ngapi? Afisa akatabasamu. "Swali zuri sana, mama. Tumelinakili." Halafu soda, halafu nauli, halafu kwaheri.

Hadi leo nangoja kusikia kutoka kwa aliyenakili.

Sipingi nyumba. Ukilala chini ya mabati yanayochoma mchana na kuvuja usiku, utapinga nyumba na akili gani? Ninachopinga ni huu mchezo wa kutuita ili majina yetu yajaze ripoti. Sahihi yangu ilionyesha tu kwamba nilikuwepo, lakini huko juu itasomwa kama nilikubali.

Na tusiambiwe kwamba kusikizwa ni hisani. Katiba ya 2010, kifungu cha 10, inahesabu ushirikishaji wa umma kuwa mojawapo ya maadili ya taifa. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya makao yanayofaa. Mwaka 2019, katika kesi ya kampuni ya sigara ya BAT, Mahakama ya Juu ilisema ushirikishaji lazima uwe wa kweli, usiwe wa kutimiza utaratibu tu. Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya 2011 ndiyo inanipa nguvu zaidi. Kifungu cha 22 kinawapa wakazi jukwaa la kujadili huduma, bajeti na mipango ya maendeleo. Kisha kinamtaka meneja wa mji atoe ripoti ya uamuzi uliofanywa kuhusu yale waliyowasilisha, pamoja na sababu zake. Rudia hapo mwisho: uamuzi, na sababu. "Tumelinakili" haimo.

Pesa nazo ni zetu. Tangu Sheria ya Nyumba za Gharama Nafuu itiwe sahihi Machi 2024, mwenye mshahara anakatwa asilimia 1.5 na mwajiri wake anaongeza kiasi hicho hicho. Sheria yenyewe imetupanga kwa mapato: nyumba za kijamii ni za anayepata chini ya shilingi 20,000 kwa mwezi, na zile za gharama nafuu ni za kuanzia 20,000 hadi 149,000. Sawa. Lakini mama wa omena, ambaye leo ana mia tano na kesho hana kitu, hati yake ya mshahara iko wapi? Na katika kila mradi, ni nyumba ngapi zitatengewa kundi lake? Hayo ni maswali ya kujibiwa kabla msingi haujachimbwa.

Shangazi yangu anapanga Homa Bay, mtaa unaoitwa Shauri Yako. Ndiyo, ndilo jina lake. Nikiwa kwenye matatu ya kupitia Rongo kwenda kumwona, huwa nawaza kwamba jina hilo lingeandikwa kwenye mlango wa kila ofisi ya mipango. Madaraka ya 2025 ilifanyiwa Homa Bay, nchi nzima ikautazama mji huo. Shangazi aliitazama kwa simu ya jirani, na mwisho wa mwezi akalipa kodi kama kawaida. Hajawahi kualikwa mkutano wowote wa mipango. Barua humfikia landilodi, na landilodi haishi hapo.

Najua watajitetea: wananchi hawaji, na wakija wanafuata nauli. Basi kaulize Mukuru, Nairobi. Baada ya kaunti kuitangaza eneo maalum la mipango mwaka 2017, wakazi walijipanga katika vikundi vidogo vya majirani pamoja na Muungano wa Wanavijiji, na wapangaji wakahesabiwa kama watu wa mtaa. Watu walikuja. Mtu huja mahali ambapo neno lake linabadilisha kitu. Asipojibiwa, anaona heri nauli. Hata mimi niliichukua.

Kwa hivyo, kwa wanaopanga miji yetu miwili: leteni mkutano mtaani, jioni au Jumapili baada ya kanisa. Ongeeni Dholuo, Kikuria na Kiswahili. Wapeni wapangaji viti vyao. Na kabla ya ajenda mpya, someni ukurasa mmoja: mlisema hivi, tumeamua hivi, kwa sababu hii. Nakala ibandikwe kwa chifu ili asiyefika naye aisome.

Na sisi vijana tusijifanye wageni. Tuko haraka kutukana mtandaoni, lakini ni wangapi tumewahi kuandika barua kwa meneja wa mji kumdai ripoti ambayo sheria inamtaka atoe? Yangu nimeanza kuiandika. Nitaipeleka mwenyewe, nakala yangu igongwe muhuri kwamba imepokelewa.

Mkutano ujao nitaenda. Daftari likinifikia, nitaomba kwanza jibu la yule mama. Lisipokuwepo, mahali pa jina langu pabaki wazi.