Kilao na Kiburma: majirani wasio ndugu

Katika kitivo chetu, kulinganisha lugha kumekuwa karibu sawa na kutafuta undugu. Tunachukua Mashi, Kinande na Kiswahili, tunaweka omuntu, omundu na mtu katika mstari mmoja, na jioni tumeshamaliza kazi. Zoezi hilo ni zuri, lakini limetuharibu kidogo: limetufundisha kwamba vinavyofanana vimezaliwa pamoja. Nashauri kila mwanafunzi wa lugha za Kiafrika apitie angalau mara moja jozi ya lugha zinazofanana bila kuwa ndugu. Jozi ninayoipenda mimi iko mbali, kando ya mto Mekong: Kilao cha Laos na Kiburma cha Myanmar.

Mto huo ndio mpaka wa nchi hizo mbili, zaidi ya kilomita 200. Pande zote mbili Wabuddha ni wengi, na ni wa madhehebu ya Theravada. Maneno ya dini na ya elimu yametoka katika Kipali. Lugha zote mbili zina toni, maneno yake ya asili mengi ni ya silabi moja, na zote hazihesabu kitu bila neno la aina yake. Mlao akitaka kusema mbwa wawili husema ma song to: mbwa, mbili, halafu neno la kuhesabia wanyama. Mburma husema khwe hna kaung, kwa mpangilio uleule kabisa. Ukiishia hapo utaandika kwamba zimetoka tumbo moja.

Hazikutoka tumbo moja. Kiburma ni cha familia ya Kichina na Kitibeti. Kilao ni ndugu wa Kithai, katika familia ya Kra-Dai. Zamani wataalamu wengi waliitia familia hiyo pamoja na Kichina kwa sababu ya toni na maneno mafupi, mpaka Paul Benedict alipopendekeza mwaka 1942 kwamba itolewe humo. Wapo wasiomkubali hadi leo, hasa China, lakini wengi wamemfuata.

Tarakimu ndizo mtego mkubwa. Tatu, nne, tano, sita kwa Kilao ni sam, si, ha, hok. Kwa Kiburma ni thoun, le, nga, chauk. Mtu anayejua Kikantoni, ambacho husema sam kwa tatu na sap kwa kumi, akisikia Mlao anahesabu hadi sip, yaani kumi, ataapa kwamba Mlao ni binamu yake na Mburma ni mgeni. Ukweli ni kinyume. Mburma alirithi tarakimu zake, na sauti zimebadilika kwa karne nyingi hata sura ya ukoo haionekani kwa urahisi. Mlao aliazima zake kutoka Kichina, na kwa kuwa aliazima baadaye, bado zinang'aa. Sisi tunaoandika kwa Kiswahili tusishangae: sita, saba na tisa tulizipata kwa Waarabu, na hakuna mwalimu hapa anayetupeleka kwa Wasemiti kwa sababu hiyo.

Panga sentensi na tofauti inajitokeza mara moja. "Mimi nakula wali" kwa Kilao ni khoi kin khao: mimi, kula, wali, kama kwetu. Kwa Kiburma ni kyanaw htamin sa de: mimi, wali, kula, na mwishoni kijineno kinachofunga sentensi. (Huyo ni mwanamume anayesema, mwanamke angeanza na kyama.) Mlao huweka "katika" kabla ya jina la mahali, Mburma huweka baada yake. Mpangilio wa sentensi nao huazimwa, najua, lakini hapa kila mmoja ameshika wake licha ya ujirani wa muda mrefu.

Hata ile toni tunayosema ni ya pamoja si kitu kimoja. Kwa Kilao ni kupanda na kushuka kwa sauti. Kuna ma ya kuja, ma ya farasi na ma ya mbwa, na Vientiane huhesabiwa toni tano au sita kutegemea nani anahesabu. Kwa Kiburma koo lenyewe linafanya kazi. Kha ya chini ni kutikisa, kha ya juu na ndefu ni kuwa chungu, kha fupi inayokwaruza kooni ni kuhudumia, na ikikatwa ghafla inakuwa kupiga. Kuzitia zote mbili katika kisanduku kilichoandikwa "lugha ya toni" ni kama kuuita ngoma na marimba "muziki", ukaondoka.

Ila kuna jambo moja ambalo majirani hawa wamelifanya kwa namna inayofanana, na ndilo lililonifanya niandike. Maandishi yao yote mawili yana asili ya India, kwa lugha kama Kisanskriti na Kipali ambazo hazikuandika toni. Waliyapokea, wakaona hayatoshi, wakayaongezea. Mburma ana nukta mbili baada ya silabi kwa toni ya juu na nukta moja chini kwa ile inayokwaruza. Mlao ana alama juu ya herufi, na zaidi ya hapo ana herufi mbili kwa sauti ileile ya kh, moja ya kundi la juu na moja ya kundi la chini. Zamani zilikuwa sauti mbili. Sauti zikaungana, tofauti ikahamia kwenye toni, na herufi zikabaki kuionyesha.

Katika tahajia kwa jumla waliachana. Mburma ameshika ya wazee. Jina Yangon huandikwa kwa herufi ya r, ingawa lugha sanifu imeigeuza kuwa y; Warakhine wa pwani ya magharibi ndio bado wanatamka r. Mlao alipopoteza r, ikawa h au l, na mwishowe akaitupa herufi yenyewe: sarufi ya Phoumi Vongvichit ya mwaka 1967 ilielekea huko, na serikali iliyoingia mwaka 1975 ikaeneza tahajia ya "andika unavyosema". (Sisi wa Kivu, tunaobishana kama mtu analala au anarara, tunaelewa.) Baadaye r ilirudi kwa majina ya kigeni. Mlao alilipa gharama: asili ya Kipali ya maneno mengi haionekani tena kama ilivyo kwa Mthai. Lakini ona alichokitupa na alichokibakiza. Alitupa r isiyotamkwa, akabakiza zile herufi mbili za kh, kwa kuwa bila hizo toni ingepotea.

Sisi tulipokea maandishi ya Kilatini kutoka kwa watu ambao lugha zao hazina toni, na hatukuongeza kitu. Katika Lingala, moto ni mtu, motó ni kichwa, na mɔ́tɔ ni moto unaounguza. Katika magazeti, nyimbo na ujumbe wa simu, zote tatu ni "moto". Mashi, Kilega na Kinande vina toni pia, nasi tunaziweka kwenye kazi za kumaliza masomo ambazo husomwa na watu watatu, kisha tukimwandikia mama barua tunaziacha. Kiswahili kilichopoteza toni kimetuzoesha kudhani kwamba hazihitajiki.

Jibu ninalopewa ni kwamba msomaji hujua kwa muktadha. Mlao naye angeweza kukisia kama aliyekuja ni mbwa au farasi, maana zote mbili zingeandikwa ma ma. Hakukubali kumwachia mtoto wa darasa la kwanza kazi hiyo. Jibu la pili ni kwamba alama zinachosha na simu hazina. Simu zetu zina é, è na ê, zilizowekwa kwa ajili ya Kifaransa, na asistenti akikuta imekosekana katika Kifaransa chako anakukata pointi. Jarida hili linaweza kuanza toleo lijalo: makala moja ya Mashi au ya Lingala, yenye toni zote, na mhariri anayekata pointi vilevile.