Si Madabodi, Ni Tundu
"Madabodi imekufa." Maneno mawili tu, na binamu yangu akarudi nyumbani kutoka mjini Malindi macho mekundu. Fundi hakuifungua laptopu hata skrubu moja. Alichomeka chaja, taa ikawaka ikazima, akatikisa kichwa, akataja shilingi 15,000, kisha akamwonyesha nyingine iliyo kwenye kabati la kioo. Na binti ana mradi wa mwaka wa nne wa kuwasilisha wiki ijayo.

Mbona tunaamini upesi hivi?

Laptopu yenyewe ni "ex-UK", kama nyingi zinazouzwa huku. Imekaa ofisini Uingereza miaka, imevuka bahari, ati leo inahukumiwa kifo kwa sababu ya kitundu kisichozidi ukucha wa kidole gumba. Wallahi hii ni dharau. Mvuvi wa Shela, Malindi, mashua yake ikivuja hutamsikia akisema imekufa. Anaipandisha ufukoni, anaipiga kalafati, anarudi baharini.

Tundu la chaja kulegea si ajabu. Kila mtu akijikwaa kwenye waya, mdomo wa chaja unalibetua. Hewa yetu ya chumvi nayo inakula pini. Mguso ukiwa hafifu, joto linapanda mpaka plastiki inaweza kuyeyuka. Kwa hiyo ile michezo ya kukunja waya, kuuegemeza kwa kitabu na kuufunga mpira ili "ishike", acheni. Mnachezea moto kitandani.

Tulianza na chaja ya jirani, ya volti zilezile. Hali ikawa ileile. Basi tukachomoa umeme, tukafungua skrubu za chini, tukatoa plagi ya betri kabla ya kugusa kitu kingine. Na tundu lenyewe? Limekaa mwisho wa kijiwaya, limeshikwa na skrubu moja, ncha ya pili imechomekwa tu kwenye madabodi. Hata halijalehemiwa! Unatoa la zamani, unachomeka jipya. Tulilipata kwa shilingi 600, la modeli ileile.

Haya, si zote ziko hivyo. Nyingine tundu limelehemiwa kwenye madabodi yenyewe, na lehemu ya kiwandani isiyo na risasi huyeyuka kwenye nyuzi 217 hivi. Ukiwa na pasi dhaifu utang'oa njia za shaba, hapo ndipo madabodi itakufa kweli. Usijifunzie kulehemu kwa mashine ya binamu. Mpelekee fundi, na mafundi wazuri tunao, wale wanaofungua kwanza ndipo wanataja bei. Ugomvi wangu ni na wanaotaja bei kwanza.

Ufaransa, tangu 2021, muuzaji wa laptopu analazimika kuonyesha alama, kati ya 10, ya jinsi inavyotengenezeka. Sisi tuna sheria ya taka ya 2022, inayomtaka mzalishaji awajibike bidhaa yake ikishakuwa taka. Ni sawa, lakini tumeanzia jalalani. Na vyuo vyetu vya kompyuta vinagawa vyeti miaka nenda miaka rudi. Nani aliwahi kukabidhiwa bisibisi darasani?

Jana binamu alirudi kwenye duka lile, laptopu kwapani, inachaji bila kushikwashikwa. Hakwenda kugombana. Alitaka tu kuuliza madabodi imefufuka lini.